Mjomba, nilidondoka mnazini, sasa nataka mtoto

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Mchinga, Lindi, nina miaka 32. Kazi yangu ilikuwa ukwezi. Minazi ya nusu ya kijiji nilikuwa naipanda mimi, kuangua nazi na madafu, mpaka siku kuti liliponyofoka mkononi nikashuka nalo. Huu ni mwaka wa nne. Uti wa mgongo uliumia. Karatasi ya hospitali imeandikwa T5, yaani pingili ya tano ya mgongo wa kifuani, na daktari alinieleza kuwa uti umekatika kabisa, kuanzia chini kidogo ya chuchu sihisi kitu. Mikono ni mizima. Siku hizi nashona viatu na kuchaji simu za watu hapa barazani kwangu, siombi kwa mtu.

Nilikuwa nimeoa mwaka mmoja kabla ya ajali. Mke wangu alishika mimba, ikaharibika changa. Tukasema Mungu atatupa nyingine. Ndipo nikaanguka.

Naomba niseme wazi, kwa kuwa hapa sijulikani. Uume unasimama, wakati mwingine hata bila mimi kutaka, mke wangu anaponiosha au anapoushika mpira wa mkojo. Lakini hakitoki kitu. Tangu nianguke sijaona hata tone. Bwana mmoja aliniuzia unga wa mizizi akisema mbegu zimeganda kwa kukaa kwenye kiti, zinatakiwa kuyeyushwa. Nikanywa na uji. Uume ukasimama zaidi, kichwa kikaniuma, mbegu hakuna. Kuumwa kichwa kwenyewe nimekuzoea, maana hata mpira ukiziba kichwa kinagonga na jasho linanitoka usoni mpaka tuuzibue. Mwingine akanishauri nichome sindano za homoni za kiume. Kijana wa bodaboda naye ananiambia hospitali kubwa wanatia umeme kwa njia ya haja kubwa. Hilo lilinimaliza hamu kabisa.

Kinachonisukuma kuandika ni mjomba wa mke wangu. Sisi ni Wamwera, kwetu ukoo hufuata upande wa mama, mambo yetu unayajua. Amesema akishauza korosho msimu huu anakuja kumchukua mpwa wake, ukoo hauwezi kukaa unasubiri. Mke wangu alimjibu kwamba yeye hajapeleka malalamiko kwa mtu. Lakini usiku namsikia, halali.

Mbegu zangu zimekufa? Na nikipata mtoto, hatazaliwa na ugonjwa wangu?

Mkwezi, Mchinga

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana.

La mtoto nalimaliza kwanza kwa kuwa ni fupi: harithi. Wewe uliumizwa na mnazi, si na damu ya ukoo wenu.

Mbegu nazo hazijafa. Korodani huendelea na kazi yake baada ya ajali kama yako, na wanaume wengi wenye jeraha la uti wa mgongo wakipimwa hukutwa na idadi ya mbegu ya kawaida. Kilichokatika kwako ni amri ya kuzitoa. Kusimama kwa uume na kutoka kwa shahawa ni kazi mbili, na kila moja ina fundi wake kwenye uti. Kusimama kwa kuguswa kunaendeshwa na sehemu ya chini kabisa, ndiyo maana mkeo akikuosha unasimama ingawa huhisi. Kutoka kwa shahawa ni kazi ngumu zaidi: mishipa inayoanzia kati ya T10 (pingili ya kumi ya kifuani) na L2 (pingili ya pili ya kiunoni) lazima ishirikiane na ile ya chini kwa mpangilio, hii ikisukuma, ile ikifunga mlango wa kibofu. Wanaume walio wengi waliopooza hupoteza hili la pili hata pale la kwanza lilipobaki. Kwa hiyo yule bwana wa unga amekutibu kusimama, ugonjwa ambao hukuwa nao.

Huo unga uache leo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi tu kwamba dawa za "asili" za nguvu za kiume zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, ile ambayo watu wanaijua kwa jina la Viagra. Sijaupima unga wako, lakini uume kusimama zaidi na kichwa kuuma ndiyo mwenendo wa dawa hiyo. Ikiandikwa na daktari ni dawa nzuri. Ikiliwa kwa kukisia hushusha presha, na presha ya mtu wa T5 iko chini tangu asubuhi. Ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitreti inaweza kuua. Na kwenye kutoa shahawa haisaidii kitu.

Sindano za homoni ndiyo usiziguse kabisa. Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, ubongo huona imejaa, unaziamuru korodani zipumzike, na mbegu hupungua au hukauka kwa miezi. Anayekuchoma hizo wakati unatafuta mtoto ama hajui kazi yake, ama anaijua kazi ya kuuza tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine hukulisikia siku ulipopewa karatasi ile. T5 kwa habari ya uzazi ni bora kuliko majeraha mengi ya chini yake. Wewe umekatika juu ya mafundi wote wawili, lakini wenyewe wako wazima huko chini, wanasubiri kuamshwa. Na wanaamshika. Mwaka 1981 mwanafiziolojia Mwingereza, Giles Brindley, alichapisha kazi yake ya kuwatoa shahawa wanaume waliopooza kwa mashine ya mtetemo, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ndiyo ya kwanza kujaribiwa duniani. Mashine inawekwa upande wa chini wa kichwa cha uume, inatetemeka kiasi cha mara 100 kwa sekunde, kwa dakika chache, inapumzishwa, inarudiwa. Utaona tumbo linakaza, mapaja yanaruka yenyewe, halafu shahawa zinatoka. Hakuna kisu wala maumivu. Kwa wenye jeraha la T10 kwenda juu, kliniki zilizobobea hufanikiwa kwa zaidi ya wanane kati ya kumi. Kwa wenye jeraha la chini ya hapo mara nyingi hugoma, kwa sababu fundi mwenyewe kaumia.

Mashine zile za kukandia shingo zinazouzwa madukani mara nyingi hazina nguvu ya kutosha, na ukizing'ang'ania utachubuka ngozi bila kuhisi. Lakini si hilo tu linalonifanya nikuzuie kujaribu peke yako.

Umeandika kwamba mpira ukiziba kichwa kinagonga na jasho linakutoka usoni, na ukaandika kama jambo ulilolizoea. Usilizoee. Ningependa kila mwenye jeraha la T6 kwenda juu, na kila anayemuuguza, alijue hili hata kama suala la mtoto halimhusu. Kitu chochote kinachousumbua mwili chini ya jeraha, kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, kidonda cha kukalia, kucha iliyoota kwa ndani, na huo mtetemo wenyewe, huweza kupandisha presha ghafla, na ubongo hauna njia ya kupitisha amri ya kuishusha. Kichwa kinagonga, uso unapata moto, jasho linatoka juu ya jeraha, moyo unapiga polepole. Presha yako ya kila siku huenda ni kama 90 kwa 60. Ikifika 130, muuguzi asiyejua atakwambia uko sawasawa, kumbe kwako imeruka sana. Presha ya mwili wa aina yako ikiongezeka 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, tayari ni hatari. Kwa hiyo jua presha yako ukiwa mzima ni ngapi, iandike, uiweke ndani ya kava la simu.

Likikupata, kaa wima, miguu ishuke chini, legeza mkanda na nguo, kagua mpira kama umejikunja au umeziba, mkojo utoke. Mkojo ukitoka na kichwa bado hakijatulia, ni hospitali saa hiyohiyo, kwa maana presha hiyo inaweza kupasua mshipa kichwani.

Ndiyo sababu mashine hujaribiwa mara ya kwanza hospitalini, presha ikipimwa muda wote, na kwa wenye jeraha kama lako mara nyingi hutangulizwa kidonge cha nifedipini, cha kushusha presha. Mkishaona mwili unavyoitikia, na daktari akaridhika, wenye ndoa wengi duniani huendelea nayo nyumbani.

Huyo kijana wa bodaboda hakudanganya, alisimulia nusu. Njia ya umeme ipo, na hutumika pale mtetemo ulipogoma. Kifaa kinaingizwa njia ya haja kubwa na kuamsha mishipa ya karibu na tezi dume. Anayehisi hulazwa usingizi kwanza, na wewe usiyehisi utalindwa presha vilevile. Sehemu ya shahawa mara nyingi hurudi nyuma ikaingia kibofuni, kwa hiyo daktari huandaa kibofu kabla na kuzivua mbegu kwenye mkojo baadaye. Si adhabu, na huenda usiihitaji.

Tuseme zimetoka. Msishtuke zikiwa na rangi ya kahawia, kwa watu wenye jeraha hili hutokea. Shida ya kweli itaonekana kwenye darubini: mbegu nyingi, lakini chache zinazokimbia. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinaweka mpaka wa chini wa mbegu zinazotembea kuwa asilimia 42, na wenye jeraha la uti wengi wako chini ya hapo sana. Kwa muda mrefu watu walilaumu joto la kukaa kwenye kiti, na kutotoka kwa muda mrefu, kama alivyokwambia muuza unga. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mbegu zikichotwa kwenye mrija kabla hazijachanganyika na majimaji ya tezi, zinakimbia vizuri zaidi. Kosa kubwa liko kwenye majimaji yenyewe, yamejaa chembe nyeupe na kemikali za uvimbe. Kuzitoa mara kwa mara hakubadilishi sana hali hiyo. Lakini kuna nafuu: ubora hushuka wiki za mwanzo baada ya ajali, kisha hukaa hapohapo. Miaka yako minne haijakuharibia zaidi, na msimu mmoja wa korosho hautakuharibia.

Unachoweza kukibadilisha wewe mwenyewe, hapo Mchinga, ni mpira.

Mpira unaokaa ndani usiku na mchana ni barabara ya wadudu. Wanapanda kibofuni, wanashuka kwenye mirija ya mbegu, korodani inavimba, na mrija ukipata kovu unaziba. Mikono yako ni mizima, basi omba ufundishwe kujitoa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, kila baada ya saa nne hadi sita, kibofu kisipite nusu lita. Unanawa mikono kwa sabuni, unapaka jeli, unaingiza, unakinga, unatoa. Ni kazi ya dakika chache na inafanyika ukiwa juu ya kiti. Waume waliobadili hivyo hupata maambukizi machache, na mbegu zao huwa na hali nzuri kuliko za wenye mpira wa kudumu. Usiuchomoe wa sasa mwenyewe. Nenda Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini, mwombe muuguzi akufundishe huku mkeo akiangalia, na mkojo upelekwe kuoteshwa maabara kabla ya kupewa dawa, siyo kupewa dawa ya kukisia. Ukipata homa kali au maambukizi, hesabu miezi mitatu mbele kabla ya kuziamini mbegu, kwa kuwa mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa.

Sigara na tembo unajua nitakachosema. Kama unatumia baklofeni ya kutuliza miguu kuruka, mwambie daktari, kwa wengine inazuia shahawa. Lakini usiikatishe ghafla, kuikata ghafla ni hatari.

Majibu ya maabara yakionyesha mbegu zinazokimbia zinatosha, kuna njia rahisi ambayo wengi hawaambiwi. Shahawa zinakingwa kwenye kikombe kisafi chenye mdomo mpana, zinaachwa robo saa au zaidi kidogo ziyeyuke, mkeo anazivuta kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na ncha, analala chali, anaziingiza ukeni taratibu na kubaki amelala kwa muda. Basi. Kuhusu siku: yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata na huishi chini ya siku moja, ila mbegu huweza kusubiri mpaka siku tano. Mwenye mzunguko wa siku 28 ashike siku ya 12 na ya 14. Ukeni wala kwenye uume usipakwe mate, sabuni, wala mafuta ya nazi. Najua huko pwani mafuta ya nazi ndiyo dawa ya kila kitu, lakini hapa yaacheni.

Zikiwa chache kidogo, kliniki huzisafisha na kuziweka ndani ya mji wa mimba. Zikiwa dhaifu sana, mbegu moja moja inadungwa ndani ya yai maabara, njia iliyoanzia Brussels na kutangazwa mwaka 1992. Hiyo inapatikana Dar es Salaam, na bei yake ni ya mamilioni. Nakuonya mapema: kliniki isiyo na mashine ya mtetemo itataka kukuvuta mbegu kwa sindano kwenye korodani na kukupeleka moja kwa moja kwenye njia ya bei kali. Waulize, bila aibu, "Mtetemo mmejaribu?" Wasipokuwa nayo, omba rufaa kwa madaktari wa njia ya mkojo, Muhimbili au KCMC Moshi, ambako idara hiyo ina jina la miaka mingi. Mtwara nayo sasa ina hospitali ya rufaa ya kanda, anza kuuliza hapo kabla ya kukata tiketi ya Dar.

Mkikata tiketi, angalieni majira. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika pande za Somanga na watu wakalala njiani. Wewe huwezi kulala kwenye kiti cha basi. Beba mto wa kukalia, jinyanyue kwa mikono kila baada ya robo saa, na mkeo akukague makalio mkifika. Kidonda kimoja kitakurudisha nyuma kuliko mwaka mzima wa kusubiri.

Mkeo naye apimwe. Mimba iliyoharibika ni ushahidi kwamba mlikuwa mnaweza, si ushahidi kwamba mirija yake leo iko wazi. Wote wawili pimeni Ukimwi, kaswende na homa ya ini, kliniki yoyote itawadai.

Kuhusu dini, kama ni mambo yanayokutia shaka: masheikh wengi wanaruhusu kusaidiwa pale mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa ipo. Wanachokataa ni mbegu ya mtu mwingine. Muulize wa msikitini kwenu, na umuulize hivyo hivyo nilivyoandika, ili ajibu swali lenyewe.

Tumebaki na mjomba. Mimi mwenyewe ni mjomba wa watu, sitamvunjia heshima. Kwa mila zetu za kusini watoto wa mpwa wake ndio ukoo wake, ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kujua uume wako unafanya nini. Usiende wewe na usimtume mkeo peke yake. Tafuta mtu mzima wa upande wako, aliyekuwa mshenga kama bado yupo, akamwambie maneno machache: wanatibiwa, hospitali imewapa njia, tunaomba muda wa misimu miwili. Mjomba mwenye korosho anajua mkorosho haumzalii mtu mwaka ule ule. Akisisitiza kujua zaidi, aambiwe karatasi ziko kwa daktari.

Na mkeo usimwache alale na mawazo peke yake huku wewe ukimsikiliza gizani. Msomee barua hii yote, pamoja na ile ya bomba la sindano. Yeye ndiye atakayelishika, na huenda ana maswali ambayo hakuthubutu kukuuliza.

Ukishapimwa shahawa, niandikie namba mbili tu: mbegu ni milioni ngapi, na asilimia ngapi zinakimbia. Nikiziona nitakwambia kama mnabaki Mchinga au mnaanza kuweka akiba ya Dar.

Mjomba